Nusu Maili ya Busia

Mpaka wa Kenya na Uganda una miji miwili mikubwa ya kuvukia. Kaskazini ni Malaba, kusini ni Busia. Yote miwili ina maofisa wa forodha, wabadilishaji fedha wenye vibunda mkononi, malori yaliyopanga foleni na akina mama wanaouza ndizi mbivu. Mgeni akishushwa usiku katika mmojawapo anaweza asijue yuko upi. Lakini kazi ya kubeba abiria kwa magurudumu mawili, inayowalisha vijana wa Afrika Mashariki leo kuanzia pwani hadi maziwa makuu, haikuzaliwa Malaba. Ilizaliwa Busia, na sababu yake ni ndogo kiasi cha kuchekesha. Malaba malango ya nchi hizi mbili yalikaribiana. Busia yaliachana kwa zaidi ya nusu maili.

Nusu maili si safari kwa kijana asiye na mzigo. Kwa mama mwenye mtoto mgongoni, kikapu mkononi na kuku chini ya kwapa, tena saa saba mchana, ni safari. Gari halikuweza kumsaidia, kwa kuwa gari likivuka lilidaiwa karatasi za forodha na bima. Baiskeli haikudaiwa kitu.

Mstari uliochorwa kwa ajili ya reli, 1902–1931

Mwanzoni mwa karne iliyopita Busia haikuwa mpakani. Himaya ya Uganda ilienea mashariki hadi karibu na Naivasha, kwa hiyo mtu wa Samia, wa Bukhayo au wa Teso alikuwa ndani kabisa ya Uganda, apende asipende. Reli iliyotoka Mombasa ilifika Kisumu mwezi wa Desemba 1901, na kipande chake cha mwisho kilipita katika ardhi ya Uganda. Serikali ya Uingereza haikutaka reli moja iwe na mabwana wawili. Tarehe 1 Aprili 1902 Mkoa wa Mashariki wa Uganda ukahamishiwa upande wa pili, katika himaya ambayo baadaye ikaitwa Kenya. Hakuna mwenyeji aliyeulizwa. Mto Sio, ambao watu walikuwa wakichota maji yake kutoka kingo zote mbili, ukageuzwa kuwa sehemu ya mpaka.

Wasamia wakagawanyika, na Waiteso vilevile. Shangazi akawa huku, mpwa akawa kule. Ng'ombe wa mahari wakaanza kuvuka kutoka himaya moja kwenda nyingine bila wao kujua. Jopadhola, majirani zao wa Petta, Kisoko na Nagongera upande wa Tororo, walibaki karibu wote Uganda, ila biashara yao, ndoa zao na vibarua vyao viliwavuta mashariki vilevile.

Kisha reli ikaamua jambo la pili. Njia iliyotoka Nakuru kupitia Eldoret ilivukia Malaba, ikaingia Tororo, na kufika Kampala mwaka 1931. Tororo ikawa makutano, kwa kuwa tawi la kwenda Mbale na Soroti lilianzia hapo. Nagongera nayo ikapata stesheni. Busia haikupata hata filimbi ya treni, ikabaki mji wa barabara, mahali ambapo msafiri kutoka Kisumu hushuka na kuanza kutafuta namna ya kuendelea na safari.

Wakati huohuo pamba ilikuwa imeingia mashambani Bukedi, mashariki mwa Uganda. Pamba ilileta kodi na viboko, hilo linajulikana, lakini ilileta pia fedha taslimu mara moja kwa mwaka, na kitu ambacho mkulima alikitamani baada ya mabati kilikuwa baiskeli. Zilikuwa baiskeli nzito za chuma cheusi, za fremu ndefu, zilizotengenezwa Uingereza. Miaka mingi baadaye, India na China zilipoanza kuleta za mfano uleule, Wakenya walizipa jina la nyoka, Black Mamba. Kufikia uhuru, katika kaunti za Budama, nchi ya Jopadhola, baiskeli ilikuwa punda, gari la wagonjwa na wakati mwingine jeneza. Hakuna aliyefikiri kwamba inaweza kuwa mshahara.

Mbebaji na jina lake, miaka ya 1960

Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, na Kenya tarehe 12 Desemba 1963. Kwa miaka michache mpaka ulibaki mwepesi, kwani shilingi ilikuwa moja ya Afrika Mashariki, na mwenye kununua chumvi Busia ya Kenya alilipa kwa sarafu ileile aliyoipata kwa pamba yake Tororo. Mwaka 1966 kila nchi ilitoa shilingi yake. Hapo ndipo mstari wa mwaka 1902 ulipoanza kuuma. Bei zikaachana, wabadilishaji fedha wakajitokeza, na kitu kilichokuwa cha bei ya kawaida upande mmoja kikawa na faida upande wa pili. Vijana wenye baiskeli waliiona faida hiyo kabla ya maofisa.

Hadithi tamu inayosimuliwa ni ya kijana mwema aliyemwonea huruma mama mwenye mizigo. Huenda alikuwepo. Lakini ukweli usifichwe: baiskeli za Busia zilibeba magendo kabla ya kubeba abiria, au zilibeba vyote pamoja tangu siku ya kwanza. Kilichokuwa kipya ni kiti. Mafundi wa mjini walichukua kibebeo cha nyuma, wakakiimarisha kwa vyuma, wakakiwekea godoro dogo lililovishwa plastiki, na chini wakachomelea vyuma viwili vya kukanyagia. Wanawake walikaa upande mmoja, miguu pamoja, mkono mmoja ukishika kiti na mwingine ukishika mzigo. Ilihitaji mizani ya watu wawili, na mwendeshaji aliyekuwa hajui mizani ya abiria wake aliishia mtaroni pamoja naye.

Jina lilitoka kinywani mwa waendeshaji wenyewe. Kenya na Uganda mpaka unaitwa boda katika mazungumzo ya kila siku, neno lililochukuliwa kwa Waingereza na kulainishwa. Basi liliposimama, vijana walilizunguka wakiita: boda, boda! Maana yake, nakutoa mpaka huu nakufikisha mpaka ule. Lilikuwa tangazo la njia, kama utingo anavyoita Kisumu, Kisumu. Mwishowe njia ikakipa chombo jina, bodaboda, na chombo kikampa jina mtu.

Inafurahisha kwamba miaka hiyohiyo, mbali kaskazini, magurudumu mawili yalikuwa yakitafuta ufundi mwingine. Mwaka 1966 yalianza mashindano ya dunia ya pikipiki juu ya barafu, kwenye mashine zisizo na breki, magurudumu yakiwa yamepigwa misumari ya kiasi cha sentimeta tatu ili yasiteleze. Bingwa wa kwanza, Gabdrakhman Kadyrov wa Ufa katika Urusi, aliutwaa ubingwa huo mara sita. Alikuwa na uwanja, mashabiki na medali. Wenzake wa Busia walikuwa na nusu maili ya vumbi, na breki zao nyingi zilikuwa soli za viatu.

Magendo, 1972–1979

Mwezi wa Agosti 1972 Rais Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda. Maduka ya Tororo na Busia yalikabidhiwa watu ambao wengi wao hawakujua bidhaa zinaagizwaje, na viwanda vya sukari vya Lugazi na Kakira vikaanza kudhoofika. Ndani ya miaka michache sabuni, chumvi, sukari na mafuta ya taa vilikuwa vitu vya kuulizia kwa kunong'ona. Ng'ambo ya mpaka, dukani Kenya, vilikuwa vimepangwa rafuni.

Neno magendo lilipata maana mpya Uganda. Halikumaanisha tena kosa la mtu mmoja mmoja. Lilikuwa jina la uchumi mzima. Vita vya uchumi alivyovitangaza Amin viliishia kuwa vita vya kila kaya kutafuta kipande cha sabuni, na katika vita hivyo mwenye baiskeli alikuwa jemadari. Alijua kivuko cha mto kisicho na askari, saa ya zamu kubadilishwa, na nyumba ya kulalia upande wa pili endapo mambo yangeharibika. Njia alizopita zinaitwa mpaka leo njia za panya, na jina limekaa sawasawa, maana panya hajui forodha.

Mwaka 1975 mambo mawili yalitokea kwa pamoja. Amin aliweka mahakama ya makosa ya uchumi iliyoweza kumhukumu mlanguzi adhabu ya kifo. Na mwezi wa Julai, baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil. Kufikia mwaka 1977 bei ya kahawa duniani ilikuwa imepanda kupita kiasi, huku serikali ya Uganda ikimlipa mkulima kwa shilingi isiyonunua kitu. Hesabu hiyo haikuhitaji elimu. Kahawa ya miteremko ya Mlima Elgon ilivuka usiku, na soko la Chepkube upande wa Kenya likawa gumzo la nchi nzima. Wapo waliotajirika kwa msimu mmoja, wakanunua magari na kuyaegesha vijijini kusiko na barabara. Busia na Malaba hazikuwa na Chepkube yao, lakini zilikuwa na baiskeli, na gunia la kilo 60 lilikaa vizuri sana kwenye kiti kilichotengenezwa kwa ajili ya abiria.

Siasa nayo ilizidi kuukaza mpaka. Februari 1976 Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ilikuwa mali ya Uganda, akiichimbua ramani ya kabla ya 1902. Jomo Kenyatta alijibu kwa ukali na mizigo ya Uganda ikapata shida bandarini. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Wakubwa walivunja jumuiya, wadogo wakaendelea na yao: kila siku ya kazi, kijana wa Busia alikuwa akiunganisha nchi mbili ambazo marais wake hawakusemezana. Amin alipoanguka Aprili 1979, kazi hii ilikuwa imekwisha kupata mafunzo yake yote. Ilijua uzito, giza na kukaa kimya.

Risasi za Desemba, 1987

Kipindi cha miaka ya themanini hakihitaji maneno mengi, isipokuwa mwezi mmoja. Yoweri Museveni aliingia Kampala Januari 1986, na Rais Daniel arap Moi wa Kenya hakumwamini. Kila mmoja alimshuku mwenzake kuwa anahifadhi maadui. Desemba 1987 askari wa pande mbili walipigana risasi Busia na mpaka ukafungwa. Watu waliolala upande mmoja waliamka wakiwa wametengwa na mashamba yao.

Kazi inayoitwa mpaka hufanya nini mpaka ukifungwa? Sitasema kwamba risasi hizo ndizo zilizoisukuma bodaboda kuingia ndani ya nchi, kwa sababu tayari ilikuwa imeanza kusogea yenyewe. Ila yeyote aliyekuwa akiishi kwa ile nusu maili alijifunza siku zile kwamba riziki yake iko mikononi mwa marais wawili wenye hasira. Kilometa 30 kaskazini kulikuwa na Tororo, yenye hospitali, kiwanda cha saruji, stesheni na wagonjwa wasio na gari. Mbele yake kulikuwa na Mbale na Jinja. Mwanzoni mwa miaka ya tisini baiskeli zenye viti vya godoro zilikuwa zikibeba abiria katika miji ya Uganda mashariki na upande wa pili hadi Kisumu, na jina lilikwenda nazo, ingawa huko hakukuwa na mpaka wowote wa kuvuka.

Injini inaingia, miaka ya 1990

Serikali ya Museveni ililegeza biashara ya fedha za kigeni, magendo yakapungua faida, na bidhaa zikarudi madukani. Pikipiki ndogo za Kijapani zilizokwisha kutumika zikaanza kuonekana, kwanza Kampala, kisha zikarudi mashariki kama mwana aliyekwenda mjini akarudi na viatu. Zikafuatwa na za India, Bajaj na TVS, ambazo zilivumilia mzigo na vipuri vyake vilipatikana hata kwa fundi wa chini ya mwembe.

Badiliko kubwa halikuwa mwendo, lilikuwa umiliki. Baiskeli mtu aliinunua kwa pamba ya msimu au kwa mbuzi kadhaa, na jioni kila shilingi ilikuwa yake. Pikipiki ilihitaji mtaji. Hapo akazaliwa mtu mpya katika historia hii: tajiri wa chombo, ambaye huenda ni mwalimu, askari au muuza duka, na ambaye hajawahi kuikalia pikipiki yake. Mwendeshaji humpelekea hesabu kila siku au kila wiki, iwe mvua iwe jua, na kilichobaki baada ya petroli ndicho chake. Nadhani mwendo wa kasi tunaoulalamikia barabarani unatokana na hesabu hiyo kuliko ujana. Anayedaiwa fedha ya leo hawezi kungoja abiria wa kesho.

Wazee wa baiskeli Busia hawakuachia mara moja. Baiskeli haikunywa petroli na haikudaiwa leseni, na kwa nusu maili ya tambarare pikipiki haikuwa na faida kubwa. Kwa miaka mingi vyombo hivi viwili viliwania abiria mmoja pale langoni, na wachuuzi wa Sofia, mtaa wa biashara uliobanana na mpaka, waliendelea kumpa mwenye baiskeli magunia yao.

Mwaka 1997 Busia ya Uganda ilitengwa na Tororo ikawa wilaya. Petta ilibaki Tororo. Kabla ya hapo mtu wa Petta na wa Busia walikuwa na makao makuu mamoja. Sasa kila mmoja alikuwa na ofisi zake za kufuata, na kila ofisi mpya ni safari mpya. Barabara za Petta ni za udongo. Masika yakiingia, kati ya Machi na Mei, hugeuka utelezi ambao Kadyrov, yule bingwa wa barafu, angeuelewa, ila hapa hakuna misumari kwenye magurudumu. Mwendeshaji hushusha miguu yote miwili, abiria hushuka na kutembea kando akiwa amevua viatu, na mgonjwa akiwa juu ya chombo hushikwa na watu wawili hadi pale pabaya paishe.

Kodi inaondolewa, 2008

Mwaka 2008 ulianza vibaya. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya zilifunga barabara na kung'oa reli, na Uganda, inayoingiza mafuta yake mengi kupitia Mombasa, ikakosa petroli. Bei ikapaa. Miaka 30 baada ya kahawa, magendo yalipata mzigo mwingine, safari hii wa majimaji.

Mwaka huohuo serikali ya Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki zisizozidi cc 250. Sidhani kuna amri ya bajeti iliyobadilisha sura ya vijiji vya Kenya haraka kuliko hiyo. Pikipiki za India na China zilimiminika, na vijana waliomaliza shule bila kazi wakapata kazi isiyouliza cheti. Upande wa Busia ya Kenya baiskeli zilianza kusukumwa pembeni kwa kweli. Zikaja steji zenye mwenyekiti na mhasibu, chama cha kuweka na kukopa, koti la kung'aa lenye namba. Wanasiasa nao waligundua kwamba kundi la pikipiki mia moja zikipiga honi ni mkutano wa hadhara uliokwisha kukusanyika.

Zikaja pia wodi za mifupa zilizojaa. Kofia ngumu ilining'inizwa kwenye usukani, mishikaki ya abiria watatu ikawa jambo la kawaida, na wengi walijifunza kuendesha kwa asubuhi moja katika uwanja wa shule. Mzee wa baiskeli alijifunza mizani kwa miaka kabla ya kuaminiwa mke wa mtu.

Nusu maili inakwisha, 2018–2020

Tarehe 24 Februari 2018 Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua Busia kituo cha pamoja cha mpakani. Utaratibu ni huu: anayeingia nchi anamaliza shughuli zote mbili, ya kutoka na ya kuingia, katika jengo moja la upande anakokwenda. Madirisha ya nchi mbili yako bega kwa bega. Ile safari ya kutoka dirisha hadi dirisha, iliyozaa baiskeli yenye kiti, imefutwa na wasanifu majengo.

Vijana hawakuondoka. Abiria bado anashuka basi, bado ana mizigo, na mji umekua hata nusu maili inaonekana fupi. Kisha ikaja Korona. Machi 2020 Uganda ilipiga marufuku bodaboda kubeba abiria. Mizigo tu iliruhusiwa. Malori yalipanga foleni za makumi ya kilometa kuelekea Malaba, madereva wakingoja majibu ya vipimo. Hadi abiria waliporuhusiwa tena tarehe 27 Julai, kiti cha godoro kilibeba mahindi, makaa na vitunguu, kama kilivyobeba sabuni na kahawa siku za Amin.

Kampala sasa abiria anaita pikipiki kwa simu, na zipo zinazoendeshwa kwa umeme bila kishindo. Petta chombo kinaitwa kwa mluzi. Senta ina maduka machache, mti wenye kivuli na pikipiki zilizoegeshwa chini yake, viti vikiwa vimepambwa kwa plastiki za rangi kama vile vya zamani. Baiskeli moja au mbili bado zipo, za kubebea maji. Ukisimama hapo kidogo tu, kijana atakusogelea na kusema boda? Ukimwuliza boda yenyewe iko wapi, atakuonyesha mashariki kwa mdomo, kisha atawasha pikipiki na kukuuliza unakwenda wapi.